Uzi: "Wapendeni wake zenu", tukianzia kwenye mtungi wa maji

#1 Mwalimu_Kengeleni

Bwana asifiwe, wapendwa.

Kwenye ibada za wanaume tunasoma Waefeso 5:25, tunaitikia amina, kisha tunapanda tuktuk kurudi nyumbani na ile aya bado mpya kama sahani ya kabatini, haijapakuliwa chakula. Uzi huu tuipakulie. Atakayeandika aandike kinachofanyika nyumbani, kwa mpango gani, na kinaharibikia wapi. Habari za "mimi na mama watoto" tuziache, maana zikianza hatumalizi.

Naanza na maandiko kwa ufupi. Paulo anawapa wake aya tatu, 22 hadi 24. Waume anawashika kuanzia 25 hadi 33, na neno la kupenda analirudia aya ya 25, ya 28 na ya 33. Wapo wanaoighani aya ya 22, ile ya wake kuwatii waume, kama shairi, lakini ukiwauliza ya 29 inasema nini wanatazama dari. Inasema mtu hauchukii mwili wake, "bali huulisha na kuutunza". Hilo la kutunza kwa Kigiriki ni *thalpo*, kutia joto. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale inalitumia Kumbukumbu 22:6 kwa ndege aliyeatamia, na Paulo mwenyewe amelitumia tena 1 Wathesalonike 2:7 kwa mlezi na watoto wake. Kwa hiyo alipotaka kutueleza mume anapendaje, aliokota maneno ya jikoni na ya kulea mtoto. Maua hayakutajwa.

Kisha kuna "akajitoa", neno la aya ya 25: mume apende kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Kipimo changu cha neno hili ni kimoja: wiki hii mume amepungukiwa na nini kwa ajili ya mkewe? Usingizi, pesa, saa ya mpira, neno la mwisho kwenye ubishi. Kama hakuna kilichopungua, huo ni wema wa kawaida tu, hata jirani anakufanyia.

Karibuni. Mwenye ujuzi wa eneo lake aandike eneo lake.

#2 Kuli_wa_Bandarini

Mwalimu, mimi nachukua maji, kwa sababu hapa Mombasa ndoa nyingi zinachoka kwenye maji kabla hazijachoka kwenye jambo jingine.

Hesabu. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20. Nyumba ya watu watano, kupika, kuoga, kufua kidogo na choo, haipungui mitungi 8 kwa siku. Hiyo ni kilo 160. Kama mfereji uko chini kwenye ploti na chumba kiko ghorofa ya pili, kilo 160 zote zinapanda ngazi. Maji ya Mzima au ya Baricho yakikatika siku nne, kazi inakuwa mara mbili, maana sasa ni kusubiri mkokoteni, kupatana bei, na kukesha usiku mfereji wa jirani ukipata maji saa nane.

Wanaume tunasema "namsaidia". Neno hilo linaonyesha kazi ni ya nani. Kazi yoyote ya nyumbani ina vichwa vitatu: kukumbuka, kupanga, kutenda. Mume huchukua cha tatu peke yake. Mke anakumbuka pipa limebaki robo, mke anapanga ni nani wa kupigiwa, halafu anamwambia mume "beba", naye anabeba na kutaka shukrani. Kuchukua kazi nzima kunakuwa hivi:

- Jioni unachungulia pipa mwenyewe bila kuambiwa. Likifika nusu, ndiyo siku ya kuagiza. Usingoje robo, sababu siku ya robo ndiyo siku mwenye mkokoteni hashiki simu.
- Namba za wauza maji wawili ziko kwenye simu yako, na malipo yanatoka kwako.
- Mitungi ya kunywa umeitenga na ya kuogea. Unaisugua ndani kila wiki kwa mchanga safi na sabuni, unaisuuza, unaianika kichwa chini.
- Pipa unalikausha na kulisafisha likiisha, kabla ya kujaza tena. Tope la chini ndilo linaloumiza watoto tumbo, na mtoto akiumwa anayekesha ni mama.

Ukiwa shifti ya usiku, maji yaingie kabla hujaondoka. Kumwachia mtu mwenye mtoto mgongoni pipa tupu halafu ukamtumia ujumbe wa "nakupenda" saa sita za usiku ni mzaha.

#3 Dereva_wa_Malaba

Nyote mnaongea upande mmoja. Biblia inasema mume ni kichwa. Nikianza kusugua mitungi, na yeye ameacha kuniheshimu, hapo kichwa ni nani? Mchungaji atujibu.

#4 Mtumishi_Bamburi

Nakujibu, kaka, na swali lako ni la haki kwa sababu wengi wanalo ila wanaona haya kuuliza.

Kwanza, aya ya 21 inawaambia wote wawili wanyenyekeane, ndipo inakuja ya 22. Katika nakala za kale kabisa za Kigiriki aya ya 22 haina hata kitenzi chake, inaazima cha 21. Ukizikata hizo mbili unakuwa umekata sentensi katikati.

Pili, amri ya kupenda haina "iwapo". Paulo hakuandika wapendeni wakiwaheshimu. Mke ana amri yake, na barua yake imeandikwa kwa jina lake. Wewe umefungua barua ya mwenzio, na ya kwako iko mezani haijasomwa. Tena mfano aliopewa mume ni Kristo, naye alilipenda Kanisa likiwa bado na mawaa. Aya ya 27 inasema mawaa na kunyanzi viliondoka baadaye, kwa gharama yake yeye.

Tatu, ukichwa wenyewe. Anayesimamia aya ya 23 aonyeshe kichwa hicho kilifanya nini katika aya ya 25. Kilijitoa. Ukichwa usiokuwa na kujitoa ndani yake Paulo haujui. Na yule aliyesema habari hizi kwa namna nyingine, Petro, ameweka adhabu kabisa: 1 Petro 3:7, kaeni nao "kwa akili", mpeni mke heshima kama mrithi pamoja nanyi wa neema ya uzima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe". Mwanamume anafunga siku tatu akiombea kazi, na kilichoziba dari ni jinsi alivyomjibu mkewe Jumanne.

Hilo la "kwa akili" nalifanyia zoezi na vijana wanaojiandaa kufunga ndoa. Nawapa karatasi, waandike majibu kumi bila kumuuliza mchumba: anaogopa nini, deni gani linamnyima usingizi, dawa ipi inamdhuru, nani katika ukoo wao amewahi kumuumiza, akichoka anataka kusemeshwa au kuachwa, hedhi yake inamsumbua kwa namna gani, rafiki yake wa kweli ni nani, chakula asichoweza kukila, wimbo anaoimba akiwa na huzuni, na jambo aliloliacha kwa ajili ya uhusiano huu. Wengi hupata manne. Zoezi hilihili likifanywa na waliokaa miaka kumi na tano, mara nyingine wanapata matatu.

#5 Mama_Usharika

Hahaha, Mchungaji, hiyo ya barua ya mwenzio nitaipeleka kwenye mkutano wa akina mama.

Niingie kwenye pesa, hasa pesa ya matumizi, maana hapo ndipo heshima huvuja taratibu.

Desturi ya kuacha noti chini ya chupa ya chai kila asubuhi ina hasara mbili. Ya kwanza ni ya mfukoni. Mke mwenye pesa ya leo tu ananunua kwa kipimo cha leo: unga wa nusu kilo, mafuta ya kupima, nyanya tatu, kitunguu kimoja. Kipimo kidogo bei yake kwa kilo huwa juu siku zote. Pesa hiyohiyo akiipata kwa wiki au kwa mwezi, anashuka Kongowea alfajiri, anapata ndoo ya nyanya, gunia la viazi anagawana na mwenzake, nazi kwa idadi, na mchele wa jumla. Hasara ya pili ni kwamba kila asubuhi anakuwa ombaomba. Mume akiondoka na hasira, noti haipo. Hapo pesa imegeuka fimbo.

Utaratibu unaofanya kazi ni kikao cha pesa mara moja kwa mwezi, siku mbili au tatu baada ya mshahara, watoto wakiwa wamelala, simu zimefunikwa. Dakika 40 zinatosha. Mapato yote ya wawili yaandikwe juu ya karatasi, hata ya kibanda cha viazi karai. Kisha toeni kwa mpangilio: sadaka na zaka, kodi, karo, chakula, maji na tokeni za stima, SHA (bima ya afya ya serikali), nauli, akiba ya dharura, wazazi wa pande zote mbili kwa kiwango kimoja au kwa sababu iliyokubaliwa. Mwisho kabisa kila mmoja apate fungu lake la mkono ambalo mwenzake haulizi limeenda wapi. Hata likiwa la shilingi 500. Bila fungu hilo watu huanza kudanganya bei.

Kwa wanaolipwa kwa siku au kwa msimu msipange kwa kiasi, pangeni kwa mafungu. Wa hoteli anajua masika yakiingia wageni wanapungua na wengine hutumwa likizo isiyo na malipo. Basi msimu wa Desemba kila 1,000 inayoingia itengwe tayari: fungu fulani ni la Mei.

Vinavyoharibu kikao: kukifanya siku ya ugomvi, mume kuja na hesabu amekwisha kuimaliza, mke aje kutia sahihi tu, na mikopo ya simu iliyofichwa. Huu wa mwisho ndio mchwa. Fuliza ndogondogo kila siku, ada juu ya ada, na mke anajua siku mshahara unapoingia ukakatwa wote. Aliye na deni la siri alitaje kwenye kikao cha kwanza, kiasi kamili, na ya nani. Kulitaja nusu ni kosa jipya.

#6 Wakili_Kizingo

Naunga mkono Mama Usharika, nikiongeza karatasi. Upendo usioandikwa popote humfikia mjane kama uvumi.

1. Fomu za mrithi. Kijana anajiunga na chama cha akiba akiwa kapera, anaandika jina la mamake mzazi. Anaoa, anapata watoto watatu, fomu haijaguswa. Akifariki, chama kinamlipa aliyeandikwa kwenye fomu. Hapo mke na mama mkwe wanakutana mlangoni pa ofisi wakiwa na vilio na stakabadhi. Fanyeni Jumatatu hii: chama cha akiba, NSSF, bima ya kazini, pensheni. Ulizeni jina gani lipo, na mbadilishe kwa kukubaliana nyumbani, pamoja na fungu la mama kama mnataka.

2. Nyumba na kiwanja. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 12, inakataza kuuza, kutoa zawadi, kukodisha au kuweka rehani mali ya ndoa ya mke mmoja bila ridhaa ya wote wawili. Mume anayechukua mkopo kwa hati ya nyumba kimyakimya anavunja sheria na anavunja Waefeso kwa kalamu moja.

3. Mchango. Sheria hiyohiyo inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kuwa mwandani wa mwenzio, kusimamia biashara ya familia na kazi ya shamba. Lakini nisahihishe maneno ya mtaani: Mahakama ya Juu ilisema 2023 kwamba mgao wa nusu kwa nusu hauji wenyewe tu, mchango unaonyeshwa. Ndiyo maana nawaambia waume wanaopenda: andikeni hati kwa majina mawili tangu kununua. Haina gharama kubwa kuliko jina moja, na inamwondolea mke kazi ya kuthibitisha jasho lake mbele ya hakimu.

4. Ndoa ya Kikristo kwa Sheria ya Ndoa ya 2014 ni ya mke mmoja. Aliye ndani yake hawezi kufunga nyingine, na Kanuni ya Adhabu inafika hadi miaka mitano jela. Mpango wa kando kuuita "mke mdogo" hakuufanyi ndoa.

#7 Dereva_wa_Malaba

Wakili, hapo nimekupata. Lakini wengine tuko barabarani. Mombasa, Malaba, Kampala, siku 8 au 10 hatujarudi. Wa melini wanakaa miezi. Mitungi ataibeba nani? Mtupe ya kwetu.

#8 Kuli_wa_Bandarini

Ya kwenu ni haya, kaka.

Maji: lipa mwenye mkokoteni wa kudumu kwa wiki, siku na idadi zijulikane, nawe umpigie mwenyewe kutoka Malaba. Kazi ya kukumbuka haihitaji uwe nyumbani.

Simu: saa moja maalumu inayomfaa *yeye*. Dereva hupiga akiegesha, saa tano za usiku, mke amelala na kesho anaamka saa kumi kuchoma mahamri. Chagueni saa watoto wamekula. Anza kwa kuuliza, acha foleni ya mpakani iwe ya mwisho. Na simu ya kuulizia pesa imefika isichanganywe na simu ya mazungumzo.

Kwa mabaharia, Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unampa baharia haki ya kutuma sehemu ya mshahara moja kwa moja nyumbani. Mgao huo uandikwe kabla ya kupanda meli, uingie akaunti ya mke. Kumpitishia pesa kakako "amsimamie" ni kumtukana, na ni chanzo cha kesi.

Kurudi: nyumba imejiendesha bila wewe siku kumi. Ukiingia tu na kuanza kukosoa, watoto wanalala saa ngapi, redio imehamishwa, umekuwa mkaguzi. Siku mbili za kwanza fuata ratiba uliyoikuta. Siku ya tatu ndipo useme.

#9 Nesi_Mikindani

Nimesubiri nione kama kuna mwanamume atagusa uja uzito. Hakuna! Haya.

Mwalimu alisema kutia joto. Hakuna mahali neno hilo linafanya kazi kama miezi tisa na zile siku arobaini. Naandika kirefu, mnivumilie.

*Mimba.* Mahudhurio ya kliniki yanayopendekezwa ni 8, la kwanza kabla ya wiki 12 kumalizika. Mume aende angalau la kwanza, na moja la karibu na mwisho. Pwani ni eneo la malaria, kwa hiyo mjamzito hupewa SP, dawa ya kumkinga na malaria, vidonge 3 kwa mkupuo, kuanzia wiki ya 13, kisha kila baada ya angalau wiki 4. Jua ya mwisho alipewa lini. Chandarua chenye dawa kila usiku, hata Februari joto linapokatisha tamaa. Mume achomeke kingo chini ya godoro, kwa sababu mwenye tumbo kubwa kuinama ni mateso. Vidonge vya damu kila siku, na visimezwe pamoja na chai ya rangi au ya maziwa, maana chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Maji na chungwa ni sawa. Wanawake wengi huviacha kwa sababu ya kichefuchefu au choo kigumu. Hapo usigombe, mwambie avimeze usiku baada ya kula, na mpelekee nesi swali hilo.

*Dalili za hatari.* Kila mume azijue kwa moyo kama Baba Yetu: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, degedege, homa kali, chupa kuvunjika kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza. Yoyote kati ya hizo ni kwenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri mama mkwe afike.

*Usafiri.* Wiki ya 34 iwe tayari: namba za tuktuk au teksi mbili za usiku, nauli imetengwa isiguswe, begi limefungwa. Wa Likoni, mkikusudia hospitali ya kisiwani, hesabuni kivuko na foleni yake, na mjue kituo cha karibu upande wenu kama hali haisubiri. Usajili wa SHA wa mke uwe umekamilika. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hulipa kwa mwaka mzima, kiwango cha chini 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Watu hugundua hawajalipa wakiwa kwenye dirisha la mapokezi, saa tisa za usiku.

*Arobaini.* Usiku ugawanywe. Mama ananyonyesha, kumcheulisha mtoto, kubadilisha nepi, kumlaza, hayo yote yanafanywa na mikono yoyote. Mume achukue hayo kuanzia saa mbili hadi saa saba za usiku, mama aamke kunyonyesha tu, kisha arudi kulala. Kukandwa maji ya moto ni desturi yetu na mama hufurahia, ila aliyepasuliwa asikandwe tumboni, na maji yapimwe kwa kiwiko kwanza. Uji, supu ya samaki, mboga za majani, maji mengi. Wageni mume ndiye awakaribishe na ndiye awaage. Mama aliyejifungua asiwe ndiye anayewachemshia chai waliokuja kumwona.

Machozi ya wiki ya kwanza ni ya kawaida. Huzuni ikipita wiki mbili, au asipotaka kumshika mtoto, au akisema heri afe, huyo ni mgonjwa na ana tiba. Siku hiyohiyo mpeleke. Kuambiwa ana pepo kumewachelewesha wengi.

*Tendo la ndoa.* Baada ya kujifungua mnangoja kidonda kipone na damu ikome; kliniki ya wiki ya 6 ndiyo mahali pa kuuliza, na ya uzazi wa mpango muulize hapohapo. Baada ya hapo kipimo ni utayari wa mama. Kalenda haina mshono.

#10 Mtumishi_Bamburi

Nesi, hapo umenifungulia mlango. 1 Wakorintho 7:3-5 hutumiwa na waume kama hati ya kudai. Isomeni yote. Mume hutajwa wa kwanza kama mdaiwa: ampe mkewe haki yake. Aya ya 4 inasema mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe, na papo hapo, "vivyo hivyo" mume hana amri juu ya wake bali mkewe. Mwanamume anayelazimisha ametumia nusu ya aya kuvunja nusu nyingine. Na hata kuacha kwa muda, Paulo anataka "mmepatana". Neno la mapatano limo ndani ya aya, nguvu haimo.

#11 Fundi_wa_Mikanjuni

Swali fupi. Waefeso 4:26, jua lisichwe na uchungu bado. Tukigombana saa nne usiku, tumalize usiku huo?

#12 Mtumishi_Bamburi

Hapana, ndugu. Ubishi wa saa sita za usiku huzaa maneno ya saa sita za usiku. Anayetaka yaishe leo mara nyingi ndiye mwenye sauti kubwa, na mwenzake anakubali ili alale. Kinachotii aya hiyo ni kuondoa uchungu. Semeni: jambo hili halijaisha, sina chuki nawe, kesho saa kumi na mbili jioni tunakaa. Na hiyo saa uje. Usipokuja mara mbili, ahadi hiyo imekufa.

Mahali napo pana maana. Nyumba zetu za vyumba vya kupanga, ukumbi mmoja, dari haifiki ukutani, mtaa mzima unasikia. Mke anajibu akiwa na hadhira, nawe unajibu hadhira. Tokeni, tembeeni barabara ya Mama Ngina, nunueni mihogo ya kukaanga, msemeane mkitazama bahari. Watu wanaotembea bega kwa bega hugombana polepole.

Na kuomba msamaha kuna sehemu zake: taja tendo lenyewe ("nilikukatiza mbele ya dada zangu nikakuita mvivu"), taja lilivyomuumiza, usiweke "lakini", uliza kinachotakiwa kutengenezwa, kisha kitengeneze *mahali palepale* kosa lilipofanyika. Ukimwaibisha mbele ya dada zako na ukamwomba radhi chumbani, nusu ya deni imebaki sebuleni. Na "kama nimekukosea, nisamehe" si ombi. Hilo "kama" limelifuta kosa.

#13 Mama_Usharika

Na ya wakwe, Mchungaji, kwa sababu imetajwa pembeni tu. Mwanzo 2:24 imemwambia *mwanamume* aache baba na mama. Hapa wengi wana nyumba mbili, moja Mombasa, moja Taita au Ukambani, na mama mzazi anakuja likizo. Kanuni ni rahisi kuitamka: kila mtu huzungumza na watu wake. Mama wa mume akikosea, mume ndiye anayeenda kusema, kwa adabu, peke yao, na anasema "nimeamua", hasemi "mke wangu hataki". Neno moja hilo la pili limevunja nyumba ngapi.

#14 Wakili_Kizingo

Kabla uzi haujatulia, jambo moja lisiachwe. Kuna dada anasoma hapa na mumewe anampiga, naye ameambiwa aombe zaidi.

Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inahesabu kipigo, vitisho, unyanyasaji wa kingono, na hata kunyimwa pesa kwa makusudi. Mahakama inaweza kumtoa mume nyumbani. Mpangilio: usalama kwanza, wewe na watoto muwe mahali pengine. Piga 1195, ni bure. Nenda hospitali, Coast General wana kitengo cha waathiriwa wa ukatili. Kama ni ubakaji, dawa za kuzuia virusi zina mwisho wa saa 72, usioge na usifue nguo kabla ya kupimwa. Ripoti polisi upate namba ya tukio na fomu ya P3 ya daktari kuandika majeraha, haiuzwi.

Wazee wa kanisa, msiite kikao cha wawili wakae meza moja. Aliyepigwa hawezi kusema ukweli mbele ya ngumi iliyomvunja jino.

#15 Mtumishi_Bamburi

Nakubali na nitaisoma mimbarini. Wakolosai 3:19, "msiwe na uchungu nao", ndicho kiwango cha chini kabisa. Mwenye kupiga yuko chini ya hicho. Huduma yake haisimami kwa muda tu, avuliwe mpaka uaminifu wake uonekane, na anayesema kama umeonekana ni mkewe, si kwaya.

#16 Dereva_wa_Malaba

Sawa. Nipo Mariakani, natarajia kuingia kesho. Kuli, ile mitungi ya kunywa inasuguliwa kwa mchanga gani? Wa bahari una chumvi.

#17 Kuli_wa_Bandarini

Wa bahari hapana. Tumia wa ujenzi, uuchekeche, uuoshe mpaka maji yatoke meupe. Vijiko vinne, sabuni kidogo, maji robo mtungi, kifuniko, tikisa dakika tatu. Suuza mara tatu. Na ukifika, usimwambie unafanya nini.